Taa Nne Katika Barabara ya Busi

Katika uwanda wetu, gari huonekana kabla halijasikika. Nchi imelala wazi kutoka Dodoma hadi pale inapoanza kukunjamana kuelekea vilima vya Kondoa. Giza likishaingia, taa huanza kwa mbali kama kitu kidogo kisicho na hakika, zikazama bondeni, zikaibuka tena, hata aliyekaa kando ya njia akisubiri usafiri huweza kusali, kukunja mkeka na kufunga mizigo yake kabla gari halijamfikia. Kwa sababu hiyo, watu wa vijiji vya kandokando walizijua taa za kila gari lililopita hapo mara kwa mara. Lori la mbao lilikuwa na taa moja iliyotetemeka. Basi lilikuwa na vitaa vyekundu juu ya kioo cha mbele. Landrova ya mjomba wangu ilijulikana kwa taa ya kushoto, ambayo kioo chake kilipasuka zamani na mahali pake pakatiwa kioo cha njano kilichobanduliwa kwenye lori bovu. Watu wakiona nyeupe upande mmoja na njano upande wa pili, mwenye vitunguu alisimama, mwenye mgonjwa alisimama, na asiyesafiri alirudi ndani kwake.

Naanza na jambo hili kwa kuwa wapo watu, baadhi yao wamesoma kunishinda, ambao wakisimuliwa yaliyompata binti wa mjomba huwalaumu wakulima wa vilimani kwa ujinga. Wengine humlaumu mjomba kwa kujitia makuu. Hukumu zote mbili ni za watu wavivu. Kumhukumu mtu kabla ya kujua alikuwa akiona nini ni tabia mbaya, na katika mji wetu tabia hiyo imeshamiri hasa kwenye mikeka ya misibani.

Mjomba alikuwa mtu wa mjini, wa ukoo ambao mababu zake waliingia Ugogo na misafara ya biashara wakabaki. Alipandisha sabuni, chumvi, vitambaa na mafuta ya taa kila Alhamisi, akateremsha vitunguu, maharage na ulezi. Hakuvuta sigara, hakubishana bei na wajane, na hakupenda kukimbiza gari. Binti yake wa pekee aliolewa na mkulima wa vilima vya Busi, mtu mpole, na huko alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Ya tatu ilipofika miezi ya mwisho, mkunga wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba mtoto huyu asizaliwe nyumbani. Azaliwe hospitali, karibu na daktari wa upasuaji, la sivyo watapotea wote wawili. Mama mkwe, ambaye kwa desturi ndiye mwenye kauli katika mambo kama hayo, alikubali kwa sharti moja: mke wa mwanawe akae kwake hadi wiki ya mwisho. Ikaamuliwa kwamba Alhamisi ya wiki hiyo wamteremshe kwa kitanda hadi njia panda, mahali njia ya kijiji inapoikuta barabara, na mjomba akipita awachukue moja kwa moja hadi hospitali ya Kondoa. Mimi ningekuwamo garini, kwa sababu haikuwa sawa mwanamke katika hali ile asafirishwe na wanaume peke yao.

Shida ilikuwa mvua. Masika yalikuwa yameanza, makorongo yalikuwa yakijaa, na kila mwenye gari alijua kwamba safari ya mchana iliweza kumalizikia gizani, mtu ameketi kwenye ukingo akitazama maji yapungue. Taa za Landrova ile zilikuwa hafifu kama macho ya mzee. Mjomba aliniambia, "Mwanangu, nikichelewa korongoni, nitamwonaje mtoto wangu kando ya njia? Naweza kumpita." Hilo ndilo lililompeleka kwa fundi. Lilikuwa hilo tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Maduka ambayo tulizoea kuyaona yakiwa na rafu tupu na kalenda ukutani yalikuwa yamejaa vitu vya Dubai, na kila mwenye gari aliona aibu lisipoongezewa kitu: redio, honi ya sauti tatu, mapazia, pembe za plastiki. Nilikuwa mwalimu wa sekondari wakati huo, na niliwaona watu wenye heshima wakinunua mapambo ya gari huku watoto wao wakija darasani bila daftari. Kwa hiyo nilipomsikia mjomba akitaja taa mbili za kuongeza, uso wangu ulimjibu kabla ya mdomo. Hata hivyo nikaenda naye.

Fundi wake alikuwa mtu wa maneno mengi, aliyekuja mtaa wa Majengo kila asubuhi kwa baiskeli kutoka Zuzu. Alizitoa zile taa kwenye boksi akazipima uzito mkononi kama mtu anayechagua tikiti.

"Mzee, hizi ukiwasha, sungura wa Kondoa watakimbilia Singida."

"Sitaki kuwinda, fundi. Nataka kuona."

"Utaona mpaka madhambi ya watu."

Kazi aliifanya vizuri. Alitoboa bampa kwa drili ya mkono, akafunga taa kwa bolti nene na mipira chini yake ili zisilegezwe na mtikisiko wa barabara. Hakuunga waya kwenye swichi ya taa za zamani, maana, alisema, waya mwembamba ungeungua na gari lingeteketea. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye fyuzi na rilei, ile swichi ndogo ya sumaku inayobeba umeme mzito kwa amri ya umeme mdogo, kisha akaweka kitufe karibu na usukani. Taa moja ilikuwa ya kurusha mwanga mwembamba mbali sana. Ya pili ilitandaza mwanga pembeni, hadi kwenye vichaka. Mjomba aliisisitiza hiyo ya pembeni. Binti yake angekuwa pembeni.

Halafu fundi akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni, akaitazama taa ya njano.

"Hii naitoa, mzee. Gari lina macho manne, moja lina homa ya manjano? Watu watanicheka mimi."

Mjomba akacheka, akaruhusu. Kioo cha njano kikatupwa kwenye pipa la vyuma chakavu.

Alikuwapo pale mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu, abiria wa mjomba wa siku nyingi, aliyekuja kuulizia safari. Akasema, "Shehe, na sisi huku njiani tutakujuaje sasa?"

"Mtanijua kwa honi."

"Honi kila mtu anayo siku hizi. Hata mwenye punda."

Wote walicheka, mimi pia. Jua lilipotua fundi aliligeuza gari kuelekea ukuta wa mashine ya kusaga, akachora mistari ya chaki kwenye chokaa, akaziinua na kuzishusha taa zile hadi mwanga ukakaa alipotaka. Ukuta ule niliouona kila siku ulitoka mbele yetu ukiwa na kila ufa na kila mkwaruzo wake, mweupe kuliko ulivyopata kuwa mchana. Mjomba aliutazama kwa furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo.

Jambo ambalo hatukulijua mjini, au tulilisikia tukalipuuza, ni kwamba masika yale kulikuwa na uvumi vilimani. Ilisemekana kuna gari linalopita jioni, lenye taa nyingi kali, linalosimama na kupiga honi, na anayelikaribia haonekani tena, hunyonywa damu yake. Uvumi wa mumiani ni wa zamani kuliko sisi sote. Nimesoma maelezo ya wataalamu kuuhusu, na mengi ni ya kebehi. Kebehi haimsaidii mtu kuelewa. Mama mkwe wa binti wa mjomba aliwahi kuona, akiwa mama wa watoto wadogo, malori yakija na taa kuwahamishia watu wa ukoo wake uwandani, na nyumba zikivunjwa nyuma yao. Katika miaka ile mipya aliwaona wanunuzi wageni wakija na magari jioni, wakiondoka na mazao ya msimu kabla watu hawajaulizana bei. Mwanamke huyo alikuwa na ushahidi wake kwamba taa kali zikija, kitu huondoka. Hakuwa mjinga.

Alhamisi ile korongo lilitukalisha tangu adhuhuri. Tulivuka magharibi imeshaingia, na mjomba akabonyeza kitufe. Sijawahi kuiona barabara ile hivyo, kabla wala baadaye. Kila jiwe lilikuwa na kivuli chake, kila mti wa miiba ulisimama peke yake kama aliyeitwa mbele ya watu. Mjomba aliendesha polepole, akitazama pembeni zaidi kuliko mbele. "Nikimpita na taa hizi," alisema, "basi mimi si baba."

Njia panda hapakuwa na mtu. Palikuwa na kalvati na nyasi zilizolala kwa mvua. Tulisimama. Alipiga honi, akasubiri, akapiga tena, ndefu. Upepo ulikuwa ukitoka vilimani na kuichukua sauti kuelekea tulikotoka. Baada ya muda alisema huenda mvua imewazuia, akaingiza gari kwenye njia ya kijiji. Tulifika nyumba za chini, mahali ambapo gari huishia, na mtu mmoja aliyekuwa akifunga zizi akatujibu kwa mashaka, mkono juu ya macho, "Wameteremka tangu alasiri. Na mgonjwa. Hali yake si nzuri."

Tukageuza. Kuanzia hapo ndipo ninapoona ugumu kuandika. Mjomba alifanya alichoona ni sahihi: aliendesha kwa mwendo wa kutembea, akaligeuza gari huku na huku, ili ile taa ya pembeni ifagie vichaka. Alipiga honi. Alifagia tena. Mara moja niliona majani yakitikisika mbali kidogo, nikamwambia, naye akaelekeza taa zote nne pale. Majani yakatulia. Kumbe kila alipowaangazia, walizidi kuingia ndani. Mume, ndugu zake wawili na jirani mmoja walikuwa wamebeba kitanda mabegani, wakikimbia kwa kuinama kati ya miiba na matope, na mama mkwe nyuma yao, wakimwepusha mgonjwa na gari lililokuja kumchukua.

Sijui tungeendelea hivyo hadi lini. Hatimaye mjomba alizima taa, akazima na injini. Giza lilitufunika na mvua ikasikika juu ya turubai. Akashuka, akaita kwa Kirangi chake kibovu, sauti yake ya dukani, akijitaja kuwa yeye ni baba wa mgonjwa. Hakuna aliyejibu. Aliita tena. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikatoka karibu kuliko tulivyodhani: "Kama ni wewe, gari lako liko wapi?"

Mjomba akaeleza kwamba ni lile lile, ila kioo cha njano kimetolewa. Walikuja. Binti alikuwa ameloa damu na mvua. Tulimpandisha pamoja na kitanda, mlango wa nyuma ukabaki wazi, na mjomba akaendesha kwa taa hafifu za zamani tu. Alikataa kukigusa kile kitufe, ingawa nilimsihi. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika, mikononi mwangu. Alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, na hakulia. Madaktari waliokoa maisha ya mama yake. Walisema, kwa upole, kwamba mtoto alikosa muda.

Baada ya maziko, mjomba aling'oa mwenyewe waya za taa zile kwenye betri. Taa hakuzitoa. Alizivisha vifuniko vya turubai, na vijana waliotaka kuzinunua aliwaambia haziuzwi. Akaendelea na safari zake za Alhamisi, ila ikawa kila akifika njia panda ile giza likiwa limeingia, husimama kwenye kalvati, huzima kila kitu, na kukaa. Abiria walilalamika. Yule mama wa vitunguu ndiye aliyewanyamazisha: "Mwacheni. Kuna watu anaowapisha."

Nilisafiri naye tena mwaka uliofuata. Aliposimama pale nilidhani anasoma dua. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Umewaona?"

"Nani, mjomba?"

"Wale wanne. Na kitanda. Husimama pale penye ukingo wa mwanga, wananitazama. Nikiwasha, hurudi nyuma. Nikizima, husogea. Lakini hawapandi."

Mimi si mtu wa mizimu. Nimefundisha miaka mingi kwamba akili tumepewa ili itutumikie, na majonzi yana njia zake za kutengeneza picha. Nilimjibu kwa maneno ya aina hiyo, kwa heshima. Hata hivyo nilitazama alikoelekeza kidole, na kando ya kalvati niliona kitu kirefu kimelala juu ya vitu vilivyosimama. Lilikuwa gogo juu ya mawe. Asubuhi, tulipokuwa tukirudi, nilitafuta gogo hilo kwa macho hadi shingo ikauma, na sikuliona. Watu huchukua magogo kwa kuni. Hilo ndilo jibu langu, na sijapata jingine ninaloweza kulitetea.

Binti alishika mimba tena. Safari hii mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemleta mjini, tumbo likiwa bado dogo, akamkabidhi kwa mjomba mlangoni akasema, "Mshike mwenyewe." Msichana alizaliwa Dodoma, akalia sana, na mjomba akatoka uani akakaa peke yake. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe tuliwasindikiza kurudi Busi. Tuliondoka alfajiri ili tufike kukiwa na mwanga. Binti alikaa mbele, kati yangu na baba yake, mtoto mapajani.

Njia panda, mjomba alisimama. Jua lilikuwa la saa nne, kweupe kabisa, lakini mguu wake ulikuwa umezoea. Akazima injini.

"Baba, gari limeharibika?"

"Hapana. Hapa ndipo mlipokuwa siku ile."

Binti alitazama kalvati, kisha akageuka kutazama nyuma kupitia kioo kidogo. "Siyo hapa," alisema. "Hapa hatukufika. Tulishuka kwa njia ya mkato, tukajificha kule nyuma, kwenye kile kichuguu kikubwa. Ulitupita."

Mtoto alikuwa akicheza na kitufe kilichokufa, akikibonyeza na kukiachia.

"Nilisikia gari likibadilisha gia pale penye mteremko," binti akaendelea, taratibu, kama mtu anayemweleza jambo mtoto wake. "Wewe hubadilisha mapema, si kama wengine. Nikawaambia, huyu ni baba. Wakasema taa si zake. Nikasema, ni baba. Nikataka kuita."

"Mbona hukuita?"

"Mama mkwe aliniziba mdomo kwa kanga. Alinilalia kabisa, baba. Alikuwa analia na yeye, anasema, nyamaza, mwanangu, watakuchukua. Nikakuona unapita. Ulikuwa unatazama upande wetu."

Pikipiki ilipita ikitutimulia vumbi. Nilijua kwamba binti hakusema kwa ubaya. Alidhani anampunguzia baba yake mzigo, kwa kumwonyesha kwamba walau yeye hakumwogopa.

"Kwa hiyo ulinijua," mjomba alisema.

"Nilikujua."

Akawasha gari. Tulifika Busi salama, tukapokewa kwa vigelegele, na mama mkwe akamchukua mtoto akamvika ushanga. Mjomba alikula, akatania, akamwombea mjukuu wake. Sikuona tofauti yoyote kwake siku ile.

Tofauti niliiona baadaye. Hakusimama tena njia panda. Alipita pale mchana na gizani bila kupunguza mwendo, na abiria walifurahi, wakasema mzee amepona. Mimi pia nilitaka kusema hivyo. Jioni moja nikiwa naye dukani, akifunga magunia, nilimuuliza kama bado anawaona wale watu na kitanda chao.

"Hapana," alisema. "Tangu binti yangu aniambie, hawaji."

"Alhamdulillahi, mjomba."

Alikaza kamba ya gunia kwa meno, akaifunga fundo, akakaa juu yake.

"Siku hizi nasikia tu," alisema. "Nikifika kwenye ule mteremko nikabadilisha gia, nasikia mtu kazibwa mdomo. Nimejaribu kuchelewa kubadilisha. Nimejaribu gia nyingine. Yupo tu, ananiita."